Marahaba ya Mringaringa

Kama yupo mtu mwingine aliyewahi kula fimbo za kuchelewa shule kwa sababu mti haujaitikia salamu, ajitokeze, tukae mahali tulie pamoja. Mimi yamenikuta. Darasa la sita yalinikuta, la saba yakanikuta tena, na kila mwalimu wa zamu aliponiuliza, "Wewe, sababu?" nilijibu tumbo. Ningesema nini? Mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni nilikuwa naona aibu, ndiyo nisimame mbele ya shule nzima nieleze habari za mti?

Aliyenifikisha hapo ni mdogo wangu.

Kwetu tuko wawili tu, mimi na yeye, na nimemzidi miaka minane, kwa hiyo tangu alipoanza kutembea alikuwa kazi yangu. Jina lake sitaliandika. Nyumbani kwenyewe halitumiki: mama anamwita mtoto, baba anamwita mama mkubwa kwa utani, mimi namwita wewe. Na huyu ninayemwandika hapa si huyu wa sasa wa darasa la tatu, anayejua kila kitu. Namwandika yule wa miaka minne na mitano, wa chekechea ya kanisani, mwenye sweta la kijani lililompwaya na kamasi zisizokauka.

Chanzo chake ni mama, na nimeshamwambia hivyo mara nyingi. Baba ni dereva wa ofisi. Mkoa mpya ulipohitaji magari na watu wa kuyaendesha, alihamishiwa Babati, nasi tukamfuata kutoka Arusha, tukapanga vyumba viwili Nakwa. Baadaye akapata kiwanja hukohuko Nakwa, kwenye njia yetu ya kwenda shule. Kiwanja chenyewe kilikuwa na majani, rundo la mawe ya msingi, na mringaringa mmoja mkubwa, wa siku nyingi, unaomwaga maua meupe mpaka ardhi inaonekana kama mtu kamwaga popcorn. Asubuhi moja tulikuwa tunapita hapo na mama, ana ndoo kichwani. Siku hizo alikuwa anamfundisha mtoto adabu: mtu yeyote aliyekuzidi, mwamkie. Mdogo wangu akasimama.

"Mama, huu mti umenizidi?"

"Umekuzidi mbali. Ulikuwepo kabla hujazaliwa."

"Na wewe?"

"Hata mimi umenizidi. Twende, maji yananimwagikia."

Basi. Kesho yake asubuhi, mimi namvuta mkono, yeye akajichomoa, akaenda mpaka kwenye shina, akainamisha kichwa, akakiegemeza kwenye gome, kama alivyoona watoto wa Kimasai wakifanya mnadani ili mkubwa awawekee mkono kichwani. Akasema, "Shikamoo, Babu." Kisha akakaa vilevile. Nikamwambia twende. Akasema, "Sijaitikiwa."

Hilo neno. Nikifa waliandike kaburini kwangu. Maana mama alikuwa amemfundisha pia kwamba mkubwa asipoitika, huondoki tu kama mbuzi, unasubiri, labda hajasikia. Mdogo wangu alikuwa anasahau kunawa, anasahau viatu, anasahau kwamba nusu saa iliyopita alikuwa amekula, lakini hilo hakulisahau hata siku moja. Alisubiri. Nilimvuta, akashika gome. Nilimtisha kwamba namwacha, akasema, "Nenda, nikiitikiwa nitakuja." Kengele ya shule ikasikika kule mbali. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, njia ilikuwa tupu, nikasema, "Marahaba."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Babu haongei hivyo."

Ikabidi nirudie kwa sauti nene, ya kutoka tumboni. Ndipo akanyanyuka na vipande vya gome kwenye paji la uso, uso umemng'aa, akanishika mkono tukaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo mringaringa ukawa na sauti, na sauti yenyewe ikawa yangu.

Ingekuwa mti peke yake ningevumilia. Lakini yule mtoto akishapata kanuni, alikuwa anaipeleka kila mahali. Alinihoji umri wa kila kitu. Lile jiwe kubwa la kwenye kona, limenizidi? Limekuzidi. Shikamoo. Ziwa je? Shikamoo. Mlima Kwaraa uliamkiwa kila asubuhi usipokuwa na wingu, na kwa kuwa mlima uko mbali, nilitakiwa kuitikia kwa nguvu. Kwenye kona ile kulikuwa na vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria. Mimi ni mtu ambaye nikipita mbele ya vijana nasahau jinsi ya kutembea. Hebu fikiria napita hapo, nasimama, natazama angani, nasema "Marahaba!"

"Sista, unamjibu nani?" waliniuliza siku ya kwanza.

"Mlima," mdogo wangu akawajibu. "Ninyi mmeuamkia?"

Mmoja wao alikohoa. Mwingine akavua kofia, akaangalia kule mlimani, akasema shikamoo, wote wakacheka mpaka mmoja akaanguka na pikipiki yake. Mimi nikachukua njia ya nyuma wiki nzima. Mdogo wangu akawa analia kwamba mlima utafikiri ana kiburi.

Wadogo wenzake hakuwapa shikamoo. Sisimizi walikuwa rika lake. Hao alichuchumaa, akawaambia, "Mambo?" na hapo nashukuru Mungu alijijibu mwenyewe, "Poa."

Kisa cha kiboko nilishaapa sitakiandika, lakini bila hicho hamtajua nilikuwa nabeba mzigo gani. Jumamosi moja mama alitutuma ziwani kununua perege. Pale wanaposhusha samaki pamejaa watu, wavuvi, akina mama wenye mabeseni, na siku hiyo walikuwepo pia wavulana wawili wa darasani kwetu. Mbali kidogo majini kulikuwa na viboko, masikio na pua tu. Nilimgeuza mdogo wangu asiwaone. Akageuka upande wa pili akawaona.

"Dada, yule amenizidi?"

"Amekuzidi uzito."

"Miaka?"

Mimi nikaanza kuhesabu hela ya samaki. Mama mmoja muuza samaki, ambaye hakuulizwa, akadakia: "Huyo? Mzee sana huyo, mwanangu. Mwamkie."

Mdogo wangu akapanga miguu yake kwenye tope, akainamisha kichwa kuelekea ziwani. "Shikamoo, Babu!" Watu wakageuka. Mtu aliyekuwa anaparua samaki akaacha kuparua. Mimi nikainamia beseni kana kwamba nachagua perege, nikawa natazama jicho la samaki, nalo linanitazama.

"Dada, hajaitikia."

"Wewe ndiye dada yake?" yule mama akaniuliza. "Itikia basi, mtoto atapinda shingo."

Nikasema marahaba ndani ya kola ya sweta.

"Kiboko haongei hivyo," mdogo wangu akasema.

Nikaisema ile nene. Watu walipiga makofi. Jumatatu naingia darasani, nyuma kabisa sauti mbili nene zikanguruma, "Marahabaaa!" na hivyo ndivyo nilivyoitwa mpaka tunamaliza la saba. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni, naanza kuangalia nyanya.

Ndani ya nyumba hakukuwa na nafuu. Tulilala kitanda kimoja, na kitanda hicho kilikuwa na wageni. Niliwahi kuamka na konokono kwenye sare yangu, ameacha mstari unaong'aa toka begani hadi kwenye kifungo. "Alikuwa anaona baridi." Niliwahi kufungua kasha la penseli nikakuta jongoo amejikunja. "Amelala, usimwamshe." Buibui wa juu ya chandarua alikuwa hagusiki. Kinyonga, ambaye hata baba mtu mzima anamkimbia, aliletwa ndani juu ya fimbo, na nilipopiga kelele niligombezwa mimi: "Umemtisha, ona amebadilika rangi!"

Mama alikuwa amekodi kashamba Sigino, tukaenda palizi. Akampa kajembe kadogo, akamwonyesha mstari wake. Jioni mstari ulikuwa vilevile, magugu yamesimama, ila minyoo yote imehamishiwa pembeni mmojammoja na kufunikwa udongo mbichi. Mama alishika kiuno.

"Mtoto, sasa umefanya nini toka asubuhi?"

"Nimewaondoa njiani."

"Haya. Mwaka huu tutakula adabu."

Baba alicheka, maana si yeye aliyemaliza ule mstari. Niliumaliza mimi.

Msifikiri alikuwa malaika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, watu wazima walivyokuwa wanasema, "Jamani huyu mtoto ana roho nzuri." Mwenye roho nzuri hang'ati. Chekechea alimng'ata mtoto aliyekanyaga njia ya sisimizi, mwalimu akatuita. Aliiba sukari kwenye kopo na kuwapelekea haohao sisimizi, halafu akiulizwa anasema ameila dada. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, huyo mwenye heshima zake alikuwa wa kwanza kuwakimbiza na bakuli. Alikula waliokaangwa, alikula hata wabichi, mabawa yamemganda mdomoni. Nikamuuliza, hawa mbona huwaonei huruma? Akasema, "Wamekuja wenyewe kwenye taa."

Na alikuwa anaogopa kuku. Aliyemwamkia kiboko! Jogoo wa mwenye nyumba akitokea, alipanda mgongoni kwangu kama panya, ananikaba koo. Nilimwuliza kwa nini. Alifikiri sana, akasema kuku anakuangalia kwa jicho moja, kwa hiyo hujui anawaza nini na lile jingine. Mpaka leo na mimi nikimwona kuku nakumbuka hilo, na sipendi.

Kuna mambo aliyafanya ambayo sikuweza hata kukasirika vizuri. Akila samaki, alianza kwa kumwambia pole. Mvua ikianza alitoka nje kuipokea, mikono yote miwili, kama unavyopokea mgeni mzigo. Siku moja nilimwagiza achume majani ya maboga, akarudi na matatu. Nikamuuliza mengine yako wapi. Akasema aliomba, akapewa hayo. Tulikula ugali na majani matatu na nyanya. Nilikuwa na njaa na hasira, na nilijua kabisa kwamba kesho nitakwenda kuchuma mwenyewe na nitajisikia mwizi. Nikaenda. Nikajisikia mwizi.

Sasa nieleze chumba changu.

Mtu mwenye aibu anahitaji mlango. Watu wasio na aibu hawalijui hilo. Mimi kwenye vile vyumba viwili vya kupanga nilikuwa nasoma watu wakipita, navaa watu wakigonga, nalia nimejifunika kanga kana kwamba nalala. Baba alipoanza kusema habari za kujenga, nilimwomba kitu kimoja tu, na kumwomba kwenyewe kulinichukua muda mrefu: chumba chenye kitasa. Akasema, "Naomi, utakipata." Nilipomaliza mtihani wa la saba, akaniita uani, akanichorea nyumba chini kwa kijiti. Sebule hapa, jiko huku, chumba chetu, cha mtoto, na hiki cha pembeni, chenye dirisha linalotazama Kwaraa, cha Naomi. Nilikwenda kiwanjani peke yangu nikasimama palepale. Nilishapanga kitanda kitakaa wapi. Kitanda kilikuwa kinakaa ndani ya mringaringa.

Nilijua. Sote tulijua, isipokuwa yeye. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia.

Jumamosi ya kupima msingi tulikwenda wote. Fundi alikuwa mzee wa Kiiraqw kutoka huko juu Mbulu, Kiswahili chake kinatembea taratibu, na alikuwa na vijana wawili na msumeno mrefu wa kushikwa na watu wawili. Walikuwa wameshachomeka vigingi na kufunga kamba. Kamba ilipita huku na huku ya mti, mti ukawa ndani ya chumba changu kama mtu aliyekaa na kusahau kuaga. Mama alikuwa amebeba chupa ya chai.

Mdogo wangu aliiangalia kamba. "Babu kafungwa kwa nini?"

"Tunajenga, mama mkubwa," baba akamwambia. "Hapa panakuwa chumba cha dada yako."

Akaniangalia mimi. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimepanga kabisa nitamwambia nini akilia, na akilia sana nitasema nini. Hakulia. Aliruka kamba, akaenda mpaka kwenye shina, akainamisha kichwa, akakiegemeza kwenye gome kama asubuhi zote.

"Shikamoo, Babu."

Vijana walikuwa wameshashika msumeno, kila mmoja upande wake. Wakasimama.

"Naomi," baba akasema bila kugeuka, "mwitikie mdogo wako, watu wana kazi."

Kumbe alijua. Mama naye alijua, maana alikuwa ananiangalia akisubiri. Lilikuwa neno moja. Nililisema kila asubuhi mwaka na zaidi, nililisema mbele ya vijana wa pikipiki, nililisema mbele ya kiboko. Nikilisema, mtoto anainua kichwa, ananishika mkono, anatoka pale, msumeno unaanza, na mimi napata mlango. Nilifungua mdomo. Watu watano walikuwa wananitazama. Sikusema kitu.

"Naomi, una nini?"

"Anaona aibu," mama akasema.

Baba akaamua kusaidia. Akakohoa, akasema, "Marahaba!"

"Hiyo sauti ya Baba," mdogo wangu akasema kwenye gome.

Kijana mmoja wa msumeno akajaribu, kwa madoido, "Marahabaa, mjukuu wangu!"

"Hiyo sauti ya kaka."

Mwenzake akacheka, akaweka upande wake wa msumeno chini. Jua lilikuwa limeshapanda. Nyuki walikuwa kwenye maua huko juu. Baba akasema sasa imetosha, akaruka kamba aende kumbeba, na nafikiri ingekwisha hivyo kama fundi asingesema, polepole, amekaa juu ya mawe yetu ya msingi:

"Baba Naomi, ngoja kidogo. Mtoto ameinama, mkubwa hajaitika. Unamtoaje?"

"Fundi, ni mti huo."

"Naona ni mti. Nasema tu mimi huyo mtoto simtoi. Mtoe wewe."

Baba alisimama pale, mkono umenyooshwa, haurudi wala hauendi. Ni mtu mzima, dereva wa wakubwa, ameshasafiri nao mkoa mzima, na hakuweza kumgusa mtoto wa miaka mitano ambaye hajajibiwa salamu. Akanigeukia mimi kwa macho ya kuomba. Nikaangalia viatu vyangu.

"Kamba bado si ukuta," fundi akasema. "Tukiivuta huku, nyumba inapona. Ila kiwanja ni chembamba. Chumba kimoja kitapotea."

"Kipi?" mama akauliza, ingawa kigingi kilikuwa mbele yake.

 Wote walikuwa wananisubiri mimi, na mimi nilikuwa naendelea kunyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kwamba nimekubali. Fundi akainuka, akang'oa kigingi kimoja, halafu kingine. Nilikiona chumba changu kikitoka ardhini bila kelele, dirisha, Kwaraa na vyote. Mpaka leo watu nyumbani wanasema Naomi alimwachia mdogo wake mti. Mimi mwenyewe nimejiuliza sana. Sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa aibu ileile yangu ya kila siku. Najua tu kwamba nililitafuta lile neno na kulikuwa na kitu kimelikalia.

Kamba ilipofungwa upya, yeye alikuwa bado ameinama.

"Sasa je?" baba akaniuliza, amechoka kabisa.

Ndipo nikaitikia, kwa ile sauti nene, ya kutoka tumboni. Mdogo wangu akainua kichwa. Alikuwa na gome mpaka kwenye nyusi.

"Leo Babu amechelewa," akasema, akaenda kwa mama kuomba chai.

Hakusema asante. Tangu tuhamie, nikiwa nyumbani nalala naye chumba kimoja, kwenye nyumba mpya, pamoja na konokono.

Mwaka huu nimemaliza mtihani wa Form Four. Nilirudi kutoka bweni na sanduku langu, shule za msingi zilikuwa bado hazijafunga. Nilimkuta uani na rafiki zake wawili wa darasa la tatu, wanasukana. Amerefuka, ana madaha, anasema "poa" kwa pua. Mringaringa uko palepale kando ya mlango, umemwaga maua juu ya bati. Amepita karibu yake mara nyingi nikimtazama, hata kugeuka hakugeuka. Mimi, nikitafuta cha kuzungumza na wageni, nikasema kwa utani, "Huyu mnamjua? Alikuwa anaamkia mti."

"Mwongo!" akaruka. "Nilikuwa mtoto. Na mti hauongei."

Rafiki zake wakacheka. Mimi nilichemka. Jioni tukiosha vyombo, nikamwambia, wewe unajua mimi nilikosa chumba kwa sababu ya huo mti usioongea?

"Kwani nani alikulazimisha? Ungeitikia."

"Si ulikuwa unafikiri ni mti!"

"Aa, Dada." Alisuuza kikombe, akakiinamisha. "Nilijua ni wewe siku zote. Kwani mimi nilikuwa mjinga?"

Nikamuuliza, hata siku ile ya kamba? Akasema hata siku ile. Nikamuuliza, sasa ulikuwa unasubiri nini, umeinama saa yote ile?

"Nilikuwa nakusubiri wewe," akasema, akaomba nimpe sufuria.

Nilimpa sufuria. Nilikuwa nataka kumpiga nayo.

Asubuhi yake mama akanituma mashineni kusaga mahindi, njia moja na ya shule. Rafiki zake walikuwa wameshafika getini, wanamwita. Nikatoka na ndoo yangu ya mahindi, yeye nyuma yangu na begi. Nilipofika kwenye mringaringa, sijui nini kilinipata. Nikatua ndoo. Nikaenda mpaka kwenye shina, nikainamisha kichwa, nikakiegemeza.

"Shikamoo, Babu."

Getini kicheko kikapasuka.

"Dada, acha," akanong'ona. "Dada, wananiangalia."

"Sijaitikiwa."

"Dada! Mwalimu wa zamu leo ni mkali, nakuomba!"

Nilikaa vilevile. Miaka yote ile nilikuwa nasimama nyuma yake, sikuwahi kujua kukoje huku mbele. Ukiinama hapo huoni sura ya mtu hata mmoja. Hujui nani anakucheka. Kuna gome, lina harufu kama ya chai, na kwenye ufa wake sisimizi wanapanda mstari mmoja, wengine wanashuka, wakikutana wanasimama kidogo wanasalimiana, halafu kila mmoja anashika njia yake. Nilikuwa sijawahi kuwaona. Nilisikia viatu vyake vikihangaika nyuma yangu, huku na huku, kama vyangu. Kengele ya shule ikasikika kule mbali.

"Marahaba," akasema, kwa hasira, kwa haraka.

Bila kuinua kichwa nikamwambia, "Babu haongei hivyo."